Kidonge Kinachosingiziwa

Ujumbe wa namna hii haupokewi kutoka kwa mgeni. Hutumwa na shangazi, mama mkwe au kaka aliyeko Dar es Salaam, ukafika Bagamoyo katika kundi la familia: msimeze parasetamoli iliyoandikwa P-500, ni nyeupe, inang'aa, na ndani yake mna virusi vya Machupo. Watumie wote uwapendao.

Onyo hilo ni uongo wa siku nyingi. Mwaka 2017 mamlaka za afya za Singapore na Malaysia zililikanusha, lakini likaendelea kuzunguka Asia na Afrika. Virusi vya Machupo hubebwa na panya wa Bolivia, wala haviwezi kudumu ndani ya kidonge kikavu. Tarakimu 500 hutaja miligramu za dawa tu.

Uongo huu una madhara. Homa ya dengi ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake wapo kote pwani. Dengi hupunguza chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda. Mgonjwa anayeogopa parasetamoli aweza kwenda duka la dawa kununua diklofenaki au aspirini, dawa zinazoongeza hatari ya kutokwa damu. Hivyo hukimbia kidonge kinachomfaa, akameza kinachoweza kumdhuru.

Kabla ya kuamini au kusambaza, msomaji na ajiulize: nani amesema, na lini? Onyo la kweli kuhusu dawa hutaja mtengenezaji na namba ya toleo, na hutolewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ujumbe usio na tarehe, unaotisha na kuhimiza usambazwe, unastahili shaka. Mfamasia, zahanati au simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, hutoa ufafanuzi. Mwenye homa naye apimwe, kwani malaria na dengi hufanana.

Mhudumu wa afya asimcheke mgonjwa aliyeleta ujumbe huo. Amwombe auonyeshe, kisha amweleze. Na kijana asimsahihishe mkubwa wake mbele ya kundi zima. Ampigie simu: "Shikamoo shangazi. Ahsante kwa kutujali. Nimemuuliza mfamasia, dawa ile ni salama." Shangazi aliyeachiwa heshima yake ndiye atakayewaandikia wengine kwamba onyo lile halikuwa kweli.