Kiingilio Bure, Faida Ipo: Uchumi wa Makumbusho ya Ndege za Kivita na Ngome za Pwani

Mjini Pensacola, jimbo la Florida, kuna makumbusho yenye ndege zaidi ya 150 za jeshi la wanamaji la Marekani, na mlangoni hakuna anayedai hata senti. Familia ya watu sita huingia asubuhi, huzunguka chini ya mabawa hadi miguu ikachoka, kisha hutoka bila kukata tiketi. Mwenye duka akiangalia hesabu hiyo atasema hapa pana hasara tupu.

Hesabu ilijionyesha vingine lango lilipofungwa. Makumbusho yamo ndani ya kituo cha jeshi, na baada ya shambulio la risasi la Desemba 2019 raia wa kawaida walizuiwa kuingia. Mlango wa umma haukufunguliwa tena hadi Mei 2023. Katika muda huo walioumia hawakuwa wahifadhi wa ndege pekee. Uliathirika mnara wa taa wa mwaka 1859, ambao nao umo kituoni na hutoza wanaotaka kupanda ngazi zake 177. Waliathirika pia wenye migahawa na wenye vyumba waliozoea kupokea familia zilizokuja kwa ajili ya ndege.

Biashara hii, basi, haiuzi ndege wala matofali. Inauza muda. Familia ikikaa saa mbili itanunua soda. Ikishinda kutwa itanunua chakula cha mchana na zawadi za watoto. Ikilala, mji mzima unakula. Pwani ya Ghuba ya Meksiko, kuanzia Pensacola hadi Mobile katika jimbo la Alabama, ni mahali pazuri pa kuchunguza jinsi muda huo unavyopatikana, nani anaulipia, na nini huuvuruga.

Bidhaa ya kukopa

Makumbusho ya Taifa ya Ndege za Wanamaji yalianza mwaka 1963 katika jengo dogo. Tangu 1966 yamekuwa na mfuko wa hiari unaochangisha fedha nje ya bajeti ya serikali, na majengo makubwa ya leo yamepanda kwa michango hiyo. Jeshi lina ndege, ardhi na wahifadhi. Mfuko unatafuta wafadhili na kuendesha shughuli zinazoingiza fedha. Kutazama ni bure, lakini kuketi katika mashine ya kuigiza urushaji wa ndege kunalipiwa, na vivyo hivyo filamu ya skrini kubwa. Mgahawa umepambwa kwa ngao za vikosi zilizotoka klabu ya maofisa ya Cubi Point, Ufilipino, kituo ambacho Wamarekani walikihama mwaka 1992. Mzee aliyewahi kutumikia huko hawezi kupita bila kuagiza kitu, na wajukuu watakula naye.

Gharama ya mishahara nayo hupunguzwa na wanaojitolea. Wengi wao ni wanajeshi wastaafu, baadhi wakiwa marubani wa zamani, na mara nyingi anayekueleza habari za ndege ni mtu aliyewahi kuirusha. Ujuzi wa namna hiyo ungekuwa ghali mno kama ungenunuliwa sokoni.

Ndege nyingine zimetoka chini ya maji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani walijifunza kutua melini katika Ziwa Michigan, wakitumia Wolverine na Sable, meli mbili za abiria za magurudumu ya pembeni zilizogeuzwa kuwa za kubebea ndege. Waliokosea walizitumbukiza ndege ziwani kwa makumi. Maji baridi yasiyo na chumvi yakazihifadhi. Mojawapo ni ndege aina ya Dauntless iliyopigana katika mapambano ya Midway Juni 1942, ikazama katika mafunzo mwaka uliofuata na kuopolewa miaka ya 1990. Kiwandani ilikuwa ndege kama nyingine. Kilichoipandisha hadhi ni safari yake, na safari hiyo ndiyo inayomfanya baba asimame dakika ishirini mbele ya mashine moja, wakati hoteli inahesabu.

Makumbusho mengine nchini hupewa ndege kwa mkopo. Jeshi hubaki na umiliki, anayekopa hubeba usafirishaji na matunzo. Ndiyo maana mji mdogo unaweza kufungua ukumbi wa ndege bila mtaji wa kununua hata moja. Mtego uko baadaye, katika rangi, kutu na paa. Ndege inayoanikwa nje kando ya bahari huliwa na chumvi, na aliyeipata bure hugundua kuwa matunzo hayana mwisho.

Juu ya yote kuna Blue Angels, kikosi cha maonyesho cha wanamaji, ambacho makao yake yako Pensacola. Baadhi ya Jumanne na Jumatano, kati ya Machi na Novemba, hufanya mazoezi angani na wageni hutazama kutoka uwanja ulio nyuma ya makumbusho. Jeshi lingefanya mazoezi hayo hata kama hakuna mtazamaji. Kwa wenye hoteli, hata hivyo, Jumanne na Jumatano ni siku za vyumba vitupu, na ratiba ya marubani huwapa wageni katikati ya wiki.

Gari moja, siku saba

Ngome zinalipisha kwa namna nyingine. Fort Pickens, katika ncha ya kisiwa cha Santa Rosa, ilijengwa kati ya 1829 na 1834 kwa matofali zaidi ya milioni 21, na kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa waliokodishwa kwa wakandarasi. Ujira wao ulikwenda kwa mabwana zao. Deni hilo halionekani katika vitabu vya hesabu vya leo, lakini ni sehemu ya mtaji ambao utalii unaufaidi. Fort Barrancas, upande wa pili wa maji, imesimama penye ngome ya Wahispania ya mwaka 1797.

Zote mbili ziko chini ya Hifadhi ya Visiwa vya Ghuba, iliyoundwa mwaka 1971 na kusimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa. Kiingilio cha kawaida ni dola 25 kwa gari, na risiti hutumika siku saba. Kila neno katika bei hiyo lina kazi. Kulipia gari badala ya kichwa kunamaanisha kwamba mtoto wa nne haongezi gharama, kwa hiyo familia kubwa haiadhibiwi. Siku saba zinamshawishi aliyeona ngome leo arudi kesho kuogelea, kwa sababu amekwisha kulipa. Na kwa sheria ya mwaka 2004, angalau asilimia 80 ya mapato ya viingilio hubaki katika hifadhi iliyoyakusanya, si kumezwa na hazina ya Washington. Msimamizi anayejua kwamba fedha za langoni zitarudi kukarabati choo chake ana sababu ya kuzikusanya vizuri.

Mtoto amepewa nafasi ya pekee katika mpango huu. Mwanafunzi wa darasa la nne hupewa pasi ya mwaka inayoingiza gari zima bure katika hifadhi za serikali. Watoto hupewa pia kijitabu cha maswali, na wakikijaza huapishwa na kuvishwa beji ya askari mdogo wa hifadhi. Beji haigharimu kitu kikubwa, ila haipatikani kwa kupita haraka. Mzazi aliyepanga saa moja hujikuta amefungwa alasiri nzima akitafuta jibu la swali la kumi.

Mji wa Pensacola uligundua zamani kwamba ngome inaweza kuvuta wateja, na ugunduzi wenyewe hauna heshima. Mwaka 1886, Geronimo na wapiganaji wenzake wa Apache walipojisalimisha, wafanyabiashara wa Pensacola waliiomba serikali iwalete Fort Pickens. Walikubaliwa. Wanaume wale walitengwa na wake na watoto wao, waliopelekwa ngome nyingine, kinyume na walivyoahidiwa walipojisalimisha, na boti za matembezi zikaanza kuleta watazamaji. Familia zao ziliungana nao mwaka uliofuata, na wote wakahamishwa 1888. Ngome inayofungua milango kwa familia leo inawajibika kusimulia habari hiyo bila kuipamba.

Manowari isiyotegemea hazina

Upande wa Mobile kuna mfumo wa tatu. Manowari USS Alabama ilikuwa njiani kuuzwa chuma chakavu pale wananchi wa jimbo walipochanga fedha za kuivuta nyumbani. Wanafunzi walichanga sarafu zao, zikafika takriban dola 100,000, na bustani ikafunguliwa Januari 1965. Inajiendesha kwa kiingilio, duka na kukodisha eneo kwa shughuli. Mgeni hulipa kwa kichwa, lakini kwa tiketi moja hupata manowari, nyambizi USS Drum na banda la ndege lenye A-12, ndege ya upelelezi ya kasi kubwa.

Ukielekea baharini kutoka hapo unazikuta Fort Morgan na Fort Gaines, zilizokuwa zikilinda mdomo wa ghuba katika mapigano ya Agosti 1864 ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Moja iko mashariki, nyingine magharibi, na katikati kuna kivuko cha magari. Kwa watoto kivuko ni starehe kuliko ngome zenyewe. Kwa wafanyabiashara ni mshipi unaofunga vivutio viwili vidogo kuwa safari moja ya kutwa.

Mfumo wa kujitegemea una ubaya wake. Kimbunga Katrina kilipoipiga Mobile Agosti 2005, manowari iliinama upande na bustani ikafungwa kwa miezi. Asiye na ruzuku hana kipato siku mlango unapofungwa. Fort Pickens nayo ilipata pigo kubwa zaidi barabarani kuliko ukutani: kimbunga Ivan cha 2004 na dhoruba zilizofuata zilifuta barabara yake, na magari hayakurudi hadi 2009. Mwaka 2018 vilianzishwa vivuko viwili vya abiria kati ya mji na ngome, vilivyonunuliwa kwa fedha za fidia ya mafuta yaliyovuja baharini mwaka 2010. Ngome ilistahimili mizinga. Kinachoiua kibiashara ni kilomita chache za lami juu ya mchanga.

Mzinga wa Rufiji

Pwani yetu ina hisa katika historia hii. Julai 1915, manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, iliangamizwa na meli za Waingereza zilizoelekezwa shabaha na ndege za wanamaji zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Mmoja wa mizinga yake uko Fort Jesus, Mombasa. Mgeni huvikuta vitu hivi kimoja kimoja: Mafia anakwenda kuogelea na papa potwe, Mombasa anapiga picha na mzinga, na hakuna anayemuuzia kisa kizima.

Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa gereza hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962 kwa msaada wa Mfuko wa Gulbenkian wa Ureno. Inatoza kwa kichwa, kwa kutofautisha raia na mgeni, mkubwa na mdogo. Nguvu yake ni wanafunzi wanaomiminika kwa mabasi. Udhaifu ni kwamba basi huondoka mchana uleule, na mtoto aliyefurahi hana tiketi ya kumrudisha na wazazi wake wikendi. Pasi ya darasa la nne haihitaji mtaji mkubwa kuigwa hapa.

Lakini somo kubwa ni la mgawanyo wa mapato. Kaunti ya Escambia, ambamo Pensacola imo, hutoza kodi ya vitanda kwa kila mgeni anayelala, na fedha hizo hutumiwa kuendeleza utalii. Kwa hiyo hata makumbusho ya bure huacha alama katika mfuko wa umma. Kenya nayo hutoza hoteli na migahawa ushuru wa utalii wa asilimia 2. Bahari inaendelea kuula mwamba wa Fort Jesus, na ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa utahitaji matunzo kila mwaka. Anayeuza biriani Mji wa Kale na anayekodisha chumba Nyali wanafaidi ngome kuliko karani wa langoni. Sehemu ya ushuru huo ikitengwa kwa ajili ya matunzo, kwa kiwango kinachojulikana na kutangazwa, kiingilio cha familia kinaweza kushuka bila mtu kupata hasara.