Joto Linakokwenda Ndege Inapofunga Breki

Long-EZ ni ndege ya watu wawili iliyobuniwa na Burt Rutan huko Mojave, California, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1979. Rutan aliuza michoro tu. Mnunuzi alijijengea mwenyewe kwa povu, faibaglasi na epoksi. Gurudumu lake la mbele halina usukani. Rubani akitaka kukata kushoto akiwa ardhini kwa mwendo mdogo, hukanyaga breki ya kushoto. Upepo ukimpiga ubavuni, breki ya upande mmoja husuguliwa tangu bandani hadi kwenye njia ya kurukia, na huo ni mwanzo tu wa safari.

Ndiyo maana wenye ndege hizi wengi huishia kubadilisha breki, hasa waliokwisha kufunga injini kubwa kuliko ile ya kwenye michoro. Wanaotafuta breki inayokamata zaidi hukosea swali. La kuuliza ni joto litakaa wapi.

Tuseme ndege ina kilo 600 na inagusa ardhi kwa kilomita 111 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni kama kilojuli 285. Upepo na msuguano wa matairi huchukua sehemu, lakini yote ikiangukia breki mbili, kila diski ya chuma ya kilo 1 hupanda karibu nyuzi 300. Ifanye diski iwe kilo 2, ongezeko hilo hupungua kwa nusu. Sufuria nene nayo huchelewa kupata moto. Sasa tua kwa kilomita 130: mwendo umezidi kwa asilimia 17, nishati kwa asilimia 37 hivi. Rubani anayetua taratibu amepata breki mpya bila kulipa senti.

Joto hilo halibaki kwenye diski. Miguu ya Long-EZ ni ya faibaglasi, na epoksi inayogandia kwenye joto la kawaida huanza kulegea kabla ya kufika nyuzi 100. Mguu uliopata moto unaweza kupinda polepole ndege ikiwa imeegeshwa, bila mtu kuona. Vifuniko vya magurudumu, vizuri angani, huzuia hewa ya kupoza. Fundi makini huweka ngao ya joto kati ya diski na mguu.

Mafuta ya breki nayo yana masharti. Breki nyingi za ndege ndogo hutumia mafuta mekundu ya madini. Ukimimina ya gari, yenye glikoli, sili za mpira huvimba na kuharibika.

Pedi mpya za aina ya ogani hazikamati vizuri siku ya kwanza. Ndege huendeshwa ardhini breki zikiwa zimekanyagwa kidogo mpaka zipate moto, kisha huachwa zipoe kabisa. Baada ya hapo rubani hukanyaga breki zote mbili na kuongeza nguvu ya injini: magurudumu yakizunguka, ndege hairuki.