Aliyeulizwa na Aliyejibu

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilisambaza karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likiuliza watu wangempigia nani kura ya urais: Franklin Roosevelt, aliyekuwa madarakani, au Alf Landon. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kuwa Landon anaongoza, akiwa na asilimia 57. Siku ya uchaguzi Roosevelt akapata karibu asilimia 61, na Landon akaambulia majimbo 2 kati ya 48. Hesabu ya jarida, tukiitendea haki, haikuwa na kosa la kujumlisha.

Kosa lilianzia kwenye orodha. Majina mengi yalitoka katika vitabu vya simu na daftari za wenye magari, wakati nchi imo kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Jamii iliyokusudiwa ni wapigakura wote; iliyofikiwa ni hasa wenye nafasi.

Kisa husimuliwa kikaishia hapo, ila kina sehemu ya pili. Mwaka 1988 mtafiti Peverill Squire alipitia upya takwimu za zama zile, akaonyesha kwamba lau wote waliotumiwa karatasi wangejibu, jarida lingemtaja mshindi sahihi. Wafuasi wa Landon ndio waliojitaabisha zaidi kuzirudisha. Mwenye kinyongo na serikali hahitaji kubembelezwa aende posta.

Mwaka huohuo wa 1936 mpima maoni George Gallup aliwahoji watu wachache mno kuliko waliolijibu jarida, akampa Roosevelt ushindi, ingawa naye alimpunja kura. Kuongeza wahojiwa hupunguza makosa ya bahati nasibu tu. Upendeleo unabaki palepale, na sasa una mamilioni ya mashahidi.

Nchini Tanzania, taasisi ya Twaweza ilipoanzisha utafiti wa maoni wa Sauti za Wananchi, ilikabiliwa na mtego uleule: kuhoji kwa simu katika nchi ambayo si kila kaya ina simu. Basi haikuanza na namba. Ilichagua kwa nasibu maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya 2,000, kisha mtu mzima mmoja katika kila kaya, ndipo ikamkabidhi simu na chaja ya sola. Hata aliyeishi mbali na umeme akawa na nafasi ya kusikika. Sampuli hiyo ilikuwa ya Tanzania Bara. Mhariri anayeandika "Watanzania wote wasema" amevuka kwenda Zanzibar bila takwimu.

Njia hiyo nayo haimalizi tatizo la pili, la wasiojibu. Simu hupotea, watu huhama, wengine huchoka kuulizwa, na wanaobaki si lazima wafanane na walioondoka. Kwa hiyo ripoti ya maoni isomwe kwa maswali mawili: majina yalitoka wapi, na wangapi hawakujibu? Idadi ya waliojibu huwekwa ukurasa wa kwanza kwa herufi nene. Ya wasiojibu, ikiwa imo, huwa kwenye viambatisho. Msomaji aanzie huko.