Kabla ya Kununua Simu, Hesabu Unaitoa Mfukoni Mara Ngapi

Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipigiwa na namba nisiyoijua. Namba ngeni saa hiyo huwa sishiki, kwa sababu mara nyingi ni yule mtu wa "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie". Hii sijui kwa nini nilishika. Alikuwa shangazi yangu anayeuza vitunguu na nyanya soko la Kongowea, Mombasa. Alikuwa ameazima simu ya jirani wa meza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Simu imenifungia."

Simu yenyewe ilikuwa ya kugusa, kubwa, nzuri, ya miezi minne. Aliichukua kwa mkopo, ile ya kutoa kitu kidogo mwanzoni halafu unalipa shilingi hamsini kila siku. Wiki hiyo alikuwa amesafiri Taveta kwa mazishi na siku tatu zikapita bila kulipa. Alfajiri ya Jumamosi, saa ambayo wenye hoteli na vibanda vya chakula hujaa Kongowea kuchukua bidhaa, skrini ikabaki na maandishi ya deni tu. Hawezi kufungua ujumbe wala menyu ya pesa.

Na wateja wanalipa kwa simu. Wengi walikuwa waaminifu, lakini mmoja alimwonyesha ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, "si unaona mama, imeenda", akabeba mzigo wa KSh 4,800 akaondoka. Pesa hiyo haikuingia hadi leo. Shangazi alilipa malimbikizo kupitia simu ya jirani, na simu ikafunguka karibu saa tano, soko likiwa limeshapoa.

Sasa, mimi ni mtu wa kuandika hapa kila mara kwamba usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, soma ulioingia kwenye simu yako. Shangazi husoma haya maandishi. Alijua. Ila asubuhi ile hakuwa na pa kusomea.

"Haya," akaniuliza jioni, "wewe unayefanya kazi huko kwa mambo ya pesa za simu, ninunue simu gani?"

Nilianza kumjibu kwa RAM na kamera. Nikajisikia mjinga katikati ya sentensi, nikamwambia nitakuja.

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo huikumbuka kila ninapoulizwa swali hilo. Kabla ya simujanja, watu wa ofisini walikuwa na kompyuta ndogo za mkononi za kutunzia miadi na namba za watu. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ilitoa moja ikiitwa Newton MessagePad. Ilikuwa na akili nyingi kwa wakati wake, na ilijaribu kusoma mwandiko wa mtu, lakini ilikosea maneno hadi ikawa kichekesho cha magazeti na katuni. Pia ilikuwa kubwa mno kwa mfuko wa kawaida. Huko huko California kulikuwa na injinia anaitwa Jeff Hawkins, aliyekuwa akiwaza ya kwake. Kabla ya kuiunda alikata kipande cha mbao cha kutosha mfuko wa shati, akakibeba kila mahali. Mtu akimwuliza kama ana nafasi siku fulani, anatoa mbao, anajifanya kubonyeza, anairudisha. Alitaka kujua ataitoa mara ngapi kwa siku, na kwa kazi gani hasa. Kazi zikawa chache: kalenda, anwani, orodha ya mambo ya kufanya, na maandishi mafupi. Kifaa kilichotoka mwaka 1996, Pilot, kilifanya hizo karibu tu, kilitumia betri ndogo mbili za kawaida, na watu wakakinunua kwa wingi. Newton ilisimamishwa mwaka 1998.

Basi nilipofika Kongowea sikubeba orodha ya bei za simu. Nilibeba kipande cha katoni na penseli, nikakaa nyuma ya meza ya shangazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita, nikawa naweka alama kila akishika simu.

Kusoma ujumbe wa malipo: alama 41. Kupiga na kupokea simu: 17. Tochi, kabla jua halijatoka: 6. Kikokotoo nilichoka kuhesabu. Kutuma pesa: 3, mbili za mzigo na moja ya kuli. WhatsApp: 4, zote kutoka kwa mtu wake wa Taveta anayempigia picha kreti za nyanya ili aamue kama achukue au aache. Kamera: 1, na ilikuwa mimi nikipigwa picha.

Mambo mengine hayakuwa ya kuhesabika lakini niliyaona. Vidole vyake vilikuwa na unyevu na vumbi la vitunguu, kwa hiyo alama ya kidole ilikataa mara nyingi na ikabidi aandike namba ya siri mbele ya watu. Jua lilipopanda alikuwa akiinamia skrini chini ya kanga ndipo aone. Saa tano chaji ilikuwa asilimia kumi na tisa, na sokoni kuchajiwa ni kulipia na kuiacha simu kwa mtu.

Angalia hiyo katoni tena. Karibu kila alama iko kwenye kazi ambayo simu ndogo ya vitufe, kabambe, mulika mwizi, iite unavyotaka, inaifanya bila shida. M-PESA ilipoanza mwezi Machi 2007 ilikuwa kwa simu za aina hiyo hiyo; menyu iko ndani ya laini yenyewe, na *334# haihitaji bando wala programu. Betri yake inaweza kukaa siku kadhaa. Ikianguka kwenye sakafu ya soko unaokota vipande, unaunganisha, maisha yanaendelea.

Lakini zile alama nne za WhatsApp zina uzito wake. Picha moja ya nyanya zilizoiva kupita kiasi, akiiona kabla lori halijaondoka Taveta, inamwokolea pesa nyingi kuliko bei ya kabambe. Kwa hiyo kumwambia "shangazi, hizi za kugusa achana nazo" lingekuwa jibu la uvivu. Yeye ana kazi mbili tofauti. Ya kwanza haiwezi kusimama hata dakika kumi. Ya pili inaweza kungoja hadi jioni. Kosa lilikuwa kuziweka zote kwenye kifaa kimoja, na tena kifaa ambacho mtu mwingine ana uwezo wa kukizima.

Nataka kukaa kidogo hapo kwa mkopo, kwa sababu wengi wetu ndiko tunakopatia simu siku hizi. Sisemi ni vibaya. Kuna boda boda anayepata kazi kupitia ramani na programu ya oda, na bila mkopo asingeshika simu ya kumwezesha. Ila fanya hesabu mbili kabla ya kutia sahihi. Ya kwanza ni jumla: tuseme unatoa 2,000 mwanzoni, halafu 50 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni 18,250 juu ya ile 2,000, yaani simu ya KSh 20,250. Nenda duka la pili uulize simu hiyo hiyo kwa pesa taslimu ni ngapi, tofauti utaijua mwenyewe. Ya pili ni hesabu ya siku mbaya: nikiugua siku tatu, nikifiwa, simu hii ikifungwa, ni kitu gani kingine kinasimama nayo? Kama jibu ni "biashara yote", laini ya biashara isikae humo.

Na hapa kuna jambo watu hulisahau hadi wachelewe. Pesa yako haiko ndani ya simu. Iko kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina lako na kufungamana na laini. Asubuhi ile shangazi angeweza kutoa laini kwenye simu iliyofungwa, akaitia kwenye kabambe yoyote, na ujumbe wa malipo ya baadaye ungeingia humo. Nilimwuliza mbona hakufanya hivyo. Akasema alijaribu! Jirani alikuwa na kabambe ya akiba, lakini laini yake ilikuwa ile ndogo kabisa, nano, na tundu la kabambe lilikuwa la kadi kubwa. Kadi ikawa inaelea humo ndani bila kushika. Ile fremu ya plastiki ambayo laini hutoka nayo, ambayo sote hutupa siku ya kwanza, ndiyo iliyokosekana. Adapta ya laini huuzwa kwa bei ndogo kwa wauza kava na chaja. Nunua, ifunge kwa tepu nyuma ya kabambe yako, uiache hapo. Namba za wateja nazo hazitakufuata kama umezihifadhi kwenye simu pekee, kwa hiyo zile kumi za maana ziandike pia daftarini.

Si kila mtu ni shangazi, bila shaka. Baada ya siku ile nilifanya mchezo wa katoni na watu wengine kadhaa, na mmoja alinibadilisha mawazo kabisa. Ni mzee asiyeona. Nilidhani kabambe ndiyo rahisi kwake, vitufe anavipapasa, basi. Kumbe kwa miaka amekuwa akimpa mjukuu simu amsomee ujumbe, na mara nyingine amtamkie mjukuu namba yake ya siri ili atoe pesa. Simu ya Android ina TalkBack, inayosoma kwa sauti kila kitu unachogusa, na iPhone ina VoiceOver. Ukivaa kipaza sauti cha sikioni hakuna mwingine anayesikia. Kwake yeye simu kubwa ndiyo siri, na ndogo ndiyo iliyomweka wazi.

Ukiamua kwamba kazi yako inataka simujanja, nitakuwa mfupi, maana maduka yatakueleza mengine. Uliza toleo la Android, na kama bado inapata masasisho ya usalama. Programu za pesa na WhatsApp huacha kufanya kazi kwenye matoleo ya zamani, na simu ya bei poa inaweza kuwa karibu na mwisho huo siku unayoinunua. Nafasi ya kuhifadhi ni muhimu kuliko kamera. Ikijaa picha za magrupu, programu hazisasishiki tena, na unajua zitakapogoma: ukiwa kwa foleni. Mimi sichukui chini ya GB 64. Simu iliyochezewa mfumo wake ikae mbali na pesa zako. Programu nyingi za benki zitaikataa.

Kwa ya mkono wa pili, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na uiwashe upya pale pale. Ikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine, mrudishie simu yake na uende zako, hata akikupunguzia. Bonyeza *#06# uone ile namba ya tarakimu 15, ulinganishe na ya kwenye boksi, na risiti usiondoke bila. Waliokuwa na simu feki mwaka 2012 watakumbuka zilivyozimwa nchini, mtu anaamka mtandao hamna. Namba hiyo iandike mahali, utaihitaji ukienda kuchukua abstract polisi siku simu itakapopotea.

Halafu kuna swali la nani mwingine anaishika. Kama umeruhusu malipo kwa alama ya kidole, basi kila kidole kilichosajiliwa kwenye simu hiyo kinaweza kulipa, pamoja na cha mtoto uliyemwekea ili acheze gemu. Kama ni msaidizi wa dukani, usimpe simu yako na namba ya siri. Programu za biashara huruhusu kumwongeza msaidizi aone malipo yakiingia, kutoa pesa kukabaki kwako.

Shangazi alinunua kabambe ya laini mbili, yenye tochi kali na vitufe vya maandishi makubwa, haikufika KSh 2,500. Laini ya biashara iko humo, imefungwa kwa kamba shingoni kama kitambulisho. Ile kubwa anaendelea kuilipia, ina laini yake nyingine, inakaa ndani ya mkoba hadi mtu wa Taveta atume picha. Msaidizi wake anajua ya kubeba kwenye moto ni ile ndogo.

Jumamosi iliyopita nilimpigia saa kumi na mbili asubuhi, kumsalimu tu. Alishika mara moja, akasema "ngoja", nikasikia akimwambia mtu, "Bado haijaingia kwangu baba, subiri." Tukasubiri wote watatu. Kisha ikalia, akamwambia achukue mzigo wake, na mimi akanikatia.