Seva za majina zisizo na chapa

Seva za majina zisizo na chapa ni seva za mfumo wa majina ya domeni (DNS) zinazoitwa kwa jina lisiloonyesha kampuni inayozimiliki. Hutumiwa hasa na wauzaji wa rejareja wa huduma ya kuhifadhi tovuti, yaani watu wanaonunua nafasi kwa jumla kwenye seva ya kampuni kubwa, wakaigawa na kuwauzia wateja kwa jina la biashara yao wenyewe.

Kazi ya seva ya majina

Kompyuta za intaneti hutafutana kwa namba zinazoitwa anwani za IP. DNS, iliyobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983, huwawezesha watu kutumia majina badala ya namba hizo. Rejista ya domeni haihifadhi anwani ya tovuti yenyewe. Kwa Tanzania, rejista ya .tz, iliyowahi kuendeshwa na tzNIC, shirika lililoundwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, huweka tu majina ya seva zenye jibu. Anayetafuta domeni yenye mwisho wa co.tz huelekezwa kwenye seva hizo, nazo ndizo zinazotaja namba.

Kwa kawaida kila domeni hupewa seva mbili au zaidi, na majina yake si siri. Yeyote anaweza kuyasoma kwa kuuliza DNS yenyewe, au kwa huduma ya WHOIS inayotoa taarifa za usajili.

Kwa nini chapa huondolewa

Tuseme kijana wa mjini Iringa ana biashara ndogo ya tovuti. Miongoni mwa wateja wake 40 wamo mwenye nyumba ya wageni huko Kalenga, kijiji chenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini, na shule moja binafsi ya Mbeya. Seva yenyewe haiko Iringa wala Mbeya. Iko Ujerumani, kwa kampuni inayouza pia moja kwa moja kwa umma. Ikiwa domeni ya mteja inaonyesha jina la kampuni hiyo, mteja ataifuata na kulinganisha bei.

Kwa hiyo kampuni nyingi za jumla huwapa wauzaji wao seva zenye jina la kati, kwa mfano ns1.seva-mfano.net na ns2.seva-mfano.net. Jina hilo halimtaji muuzaji wala kampuni ya jumla. Muuzaji hana cha kutengeneza: anayaandika majina hayo mawili kwenye programu ya kuendeshea seva, kama WHM ya cPanel, na kila akaunti mpya huyapokea.

Hata hivyo, usiri huo ni mwembamba. Anwani ya IP ya tovuti husajiliwa kwa jina la mwenye mtandao, na rekodi ya SOA, inayofungua kumbukumbu za kila domeni, mara nyingi hubeba jina la seva kuu au barua pepe ya kampuni ya jumla. Mtu mwenye ujuzi kidogo humaliza fumbo hili kwa dakika moja.

Tatizo la kuhama

Uzito wa jambo hili hauonekani siku ya kuanza. Huonekana siku kampuni ya jumla inapopandisha bei au kufunga milango. Jina la kati bado ni mali ya kampuni hiyo, hata kama halina chapa. Kijana wa Iringa akihamia kwingine, itabidi domeni zote 40 zibadilishwe moja moja, na baadhi zilisajiliwa na wateja wenyewe, pengine kwa nywila iliyobaki kwa mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Domeni isiyobadilishwa kabla seva ya zamani haijazimwa hupoteza tovuti, na barua pepe pia.

Njia ya pili ni muuzaji kutumia seva zenye jina la domeni yake mwenyewe, tuseme ns1.mfano.co.tz. Hapo akihama hubadilisha anwani za IP za majina mawili tu, na domeni zote za wateja zinafuata bila wao kugusa kitu. Sharti moja ni kwamba rejista lazima iwe na anwani za IP za majina hayo. Bila hivyo swali lingezunguka bila mwisho, kwa kuwa ili kuipata mfano.co.tz ungehitaji kwanza kuipata ns1.mfano.co.tz. Rekodi hizo za rejista huitwa rekodi za gundi.

Rejista ya .tz ilichukua programu ya FRED, iliyotengenezwa Ucheki, na ndani yake seva za majina hukusanywa katika fungu moja linaloitwa nsset. Domeni nyingi zinaweza kuelekezwa kwenye fungu hilo, na likibadilishwa mara moja zote hubadilika. Hiyo hupunguza taabu ya kuhama hata kwa anayetumia jina la kati, lakini kwa domeni za .tz tu, na kwa zile tu zilizounganishwa na fungu analolisimamia.

Jina lako mwenyewe nalo lina hatari yake. Muuzaji akisahau kulipia mfano.co.tz mwisho wa mwaka, tovuti zote 40 huzimika pamoja naye, ilhali kila mteja amelipa yake. Vilevile wengi huweka ns1 na ns2 kwenye mashine moja, ingawa waraka wa RFC 2182 wa mwaka 1997 unashauri seva hizo ziwe mahali tofauti na mitandao tofauti.

Upande wa mteja

Mwenye nyumba ya wageni wa Kalenga hapotezi kitu kwa sababu tu seva zake za majina hazina chapa. Kinachomhusu zaidi ni mstari mwingine wa WHOIS, ule wa mmiliki wa domeni. Ikiwa hapo limeandikwa jina lake, anaweza kuelekeza domeni kwenye seva nyingine hata muuzaji akitoweka. Ikiwa limeandikwa jina la muuzaji, huyo muuzaji ndiye mwenye domeni machoni pa rejista.