Mandolini ya umeme yamfaa mstaafu, lakini linda vidole na masikio

WATU wengi huingoja siku ya kustaafu kwa hamu, kisha ikifika hukosa la kufanya. Nchini Kenya, tangu mwaka wa 2009, watumishi wa serikali hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60, na wengi huwa bado wana nguvu. Miezi ya kwanza hupita kwa mapumziko na kuwazuru jamaa. Baadaye siku huwa ndefu, mwili hulegea na akili hukosa la kuishughulisha.

Mojawapo ya njia za kuipa akili kazi ni kujifunza ala ya muziki. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine ulihusu wazee 469 wa Bronx, mjini New York, waliokuwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Waliozoea kusoma, kucheza dansi, kucheza michezo ya ubaoni au kupiga ala za muziki hawakupatwa sana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kama wenzao. Hii haina maana kwamba muziki ni dawa. Huenda wenye akili timamu zaidi ndio waliovutiwa na mambo hayo. Hata hivyo, ni shughuli yenye manufaa mengi na hatari chache, mradi ifanywe kwa uangalifu.

Kwa nini mandolini?

Mandolini ni ndogo kuliko gitaa, na nyuzi zake huwa na urefu wa takriban sentimita 35 tu. Mkono haulazimiki kunyooshwa mbali. Sauti za nyuzi zake hupangwa kama za fidla, kwa hivyo anayependa muziki wa klasiki anaweza kupiga nyimbo nyingi alizotunga Bach kwa ajili ya fidla. Vivaldi naye alitunga muziki wa mandolini yenyewe.

Mandolini ya kawaida ina nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, na kila mara kidole hukandamiza mbili kwa pamoja. Isitoshe, sauti yake hufifia upesi, na mpigaji hulazimika kutetemesha mkono ili sauti idumu. Mandolini nyingi za umeme zina nyuzi nne au tano, moja moja. Kidole hutumia nguvu kidogo, na kipaza sauti husaidia mlio usikike kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu U. Srinivas wa India, aliyefariki mwaka wa 2014, alitumia mandolini ya umeme yenye nyuzi tano kupiga muziki wa jadi wa Kusini mwa India, ambao huhitaji sauti ya kuvutwa.

Vidole na mkono

Anza kwa dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Ongeza dakika chache kila wiki. Ncha za vidole zitauma mwanzoni, kisha ngozi itakuwa ngumu na maumivu yatapungua. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, miguu yote miwili ikigusa sakafu, na utumie mkanda wa begani ili mkono wa kushoto usibebe uzito wa ala.

Maumivu ya ngozi si hatari. Lakini ukihisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Acha kupiga na umwone daktari. Mwenye ugonjwa wa kisukari achunguze ncha za vidole kila siku, kwani anaweza kuumia bila kuhisi. Mwenye maumivu ya viungo asipige wakati viungo vimevimba.

Masikio

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Uzeeni, sauti nyembamba ndizo huanza kupotea, na mandolini ni ala ya sauti nyembamba. Mstaafu asiyesikia vizuri hudhani ala ina kasoro, akaongeza sauti, na kwa kufanya hivyo akayadhuru masikio yaliyokwisha kudhoofika. Usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa nne. Vipokea sauti vya masikioni huwafaa wanaoishi kwenye nyumba za ghorofa, kwa kuwa majirani hawasumbuliwi. Lakini punguza sauti kabla ya kuvivaa, kisha uiongeze polepole. Weka alama kwenye kitufe cha sauti. Ukiona kila mwezi unaipita alama hiyo, au masikio yanavuma baada ya kupiga, usiongeze sauti tena. Nenda ukapimwe masikio.

Mwisho, usiguse vifaa vya umeme kwa mikono iliyolowa, wala usitumie waya uliochubuka.

Usikate tamaa wimbo wa ukurasa mmoja ukikuchukua miezi mitatu. Kinachoipa akili kazi ni ule ugumu wa kujifunza, na mstaafu hana wa kumharakisha.