Akiba ni Tabia, Hujengwa Hatua kwa Hatua

Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba fadhila hujengwa kwa kurudia tendo jema, na kwamba ukarimu upo kati ya ubahili na ubadhirifu. Akiba nayo ni hivyo.

Mtoto aanze na kibubu: kila sarafu anayotumbukiza humzoeza kusubiri. Kijana apatapo kipato atenge akiba kwanza, ndipo atumie. Anayengoja masalio ya mwisho wa mwezi mara nyingi hayakuti. Wenye familia wanunue hisa kwenye kikoba kila wiki, ili ada na ugonjwa visiwasukume kwa wakopeshaji wa riba kubwa. Mzee aandike wosia mapema, alichotunza kisije kikawagombanisha wanawe.

Lakini akiba isiyomwona jirani mwenye njaa si fadhila tena, ni ubahili.